Maisha ya Samora Machel na Safari Yake ya Mwisho

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani, zisomwe na wanafunzi shuleni na wazazi wao nyumbani wakati wa likizo. Nimemchagua Samora Moisés Machel, Rais wa kwanza wa Msumbiji. Wako walimu wenzangu waliotaka niandike juu ya Mwalimu Nyerere, lakini habari za Mwalimu zimekwisha andikwa mara nyingi katika kurasa hizi. Samora aliishi hapa hapa kwetu Nachingwea, akafundisha watu vita na siasa katika ardhi hii tunayoikanyaga kila siku, na hata hivyo nimeona kwamba wanafunzi wengi, wa hapa na wa Ruangwa pia, hulijua jina lake kwa ajili ya ile barabara ya Dar es Salaam tu. Tena mimi nafundisha Jiografia na Kiingereza, na kifo cha Samora kinagusa masomo hayo mawili kwa namna ambayo sijaiona katika kifo cha mkubwa mwingine yeyote.

Alizaliwa tarehe 29 Septemba 1933 huko Chilembene, jimbo la Gaza, katika bonde la mto Limpopo, kusini ya Msumbiji. Wazee wake walikuwa watu wa vita, waliopigana na Wareno zamani za mfalme Gungunhana. Baba yake alikuwa mkulima hodari mwenye ng'ombe na plau, wala hakuwa maskini. Walakini chini ya serikali ya Wareno ilimpasa kulima pamba apende asipende, na mazao yake yalinunuliwa kwa bei ndogo kuliko ya Mreno aliyelima shamba la jirani. Wazee wa Ruangwa na Nachingwea wanaolima ufuta na korosho wataelewa upesi maana ya jambo hilo, kwa kuwa mkulima hukumbuka bei miaka mingi baada ya kusahau mvua. Katika miaka ya 1950 ardhi ya bonde lile ilitwaliwa, wakapewa walowezi kutoka Ureno. Ndugu yake mmoja alikwenda kufanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini, akafa huko kwa ajali ya mgodini.

Samora alisoma shule ya misheni ya Wakatoliki, na mapadre walitamani aingie seminari, lakini yeye alikwenda mji mkuu, ambao siku zile uliitwa Lourenço Marques, akajifunza uuguzi. Alifanya kazi ya uuguzi miaka kadhaa. Pale hospitalini aliona kwamba mwuguzi Mwafrika alilipwa mshahara mdogo kuliko mwuguzi Mzungu mwenye kazi ile ile, akalisema jambo hilo waziwazi, na polisi wa siri wa Wareno wakaanza kumtazama. Katika mwaka wa 1961 alionana na Dakta Eduardo Mondlane, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa matembezi kutoka Marekani. Mondlane ndiye aliyekuja kuwa Rais wa FRELIMO chama hicho kilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962.

Mwezi wa Machi 1963 Samora alitoroka. Alipita Uswazi na Afrika Kusini hata akafika nchi ya Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana. Pale palikuwa na ndege iliyokuwa ikiwachukua vijana wa chama cha ANC kuwaleta Tanganyika. Ndege ilikuwa imejaa; lakini mkubwa mmoja wa ANC alizungumza na mwuguzi huyu, akapendezwa naye hata akamwondoa kijana wake mmoja katika ndege ili Samora apate nafasi. Hivyo ndivyo alivyofika kwetu.

Alipofika Dar es Salaam aliomba aingizwe jeshini. Akapelekwa Algeria kujifunza, akarudi, akawekwa kuongoza kambi ya Kongwa katika Mkoa wa Dodoma. Vita vya kumtoa Mreno vilianza tarehe 25 Septemba 1964, wapiganaji waliposhambulia kituo cha Chai katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma. Kongwa ilikuwa mbali mno na mto huo. Basi kambi kubwa ikahamia kusini, ikawekwa Nachingwea.

Yafaa wanafunzi wajue kwa nini palikuwa na nafasi Nachingwea. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na kuanzia mwaka 1947 walifyeka misitu mahali patatu, yaani Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili walime karanga. Walileta matrekta, wakajenga reli kutoka baharini ambayo haipo tena, wakatengeneza uwanja wa ndege, wakayagawanya mashamba na kuyapa namba. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikwisha kuanguka, na mamilioni ya pauni yakapotea pamoja nao. Majina ya namba yakabaki. Ndiyo maana kambi ya FRELIMO ilijulikana kwa jina la Farm 17, na ndiyo maana leo pana shule yenye jina hilo. Nikikaa kufikiri naona ajabu kwamba kambi zote mbili alizoziongoza Samora, ya Kongwa na ya Nachingwea, ziliwekwa katika mashamba yaliyomshinda Mwingereza.

Mkuu wa jeshi la FRELIMO, Filipe Samuel Magaia, aliuawa Oktoba 1966, na Samora akashika mahali pake. Mwaka uliofuata wasichana 25 waliletwa Nachingwea wapewe mafunzo ya kijeshi kwa miezi mitatu, jambo ambalo wanaume wengi hawakulipenda. Mmoja wao alikuwa Josina Muthemba, binti aliyekuwa amekataa nafasi ya masomo Uswisi ili abaki na wenzake. Samora alimwoa Josina mwezi wa Mei 1969 huko Tunduru, wakapata mtoto wa kiume. Haukupita muda mrefu, Josina akaugua, akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, umri wake miaka 25. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji mpaka leo.

Mondlane naye alikuwa amekwisha kuuawa, tarehe 3 Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Baada ya magombano makali ndani ya chama, Samora alifanywa Rais wa FRELIMO mwaka 1970.

Hapa nataka kusimama kidogo juu ya kazi aliyoifanya Nachingwea, kwa sababu watu wakitaja kambi hufikiri bunduki tu. Vijana waliokuja Farm 17 walitoka kila pembe ya Msumbiji. Wa kaskazini walikuwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, makabila tuliyo nayo huku kwetu pia, na wengi wao walijua Kiswahili. Wa kusini, kama Samora mwenyewe, walisema Kishangani. Wa katikati walikuwa na lugha zao. Mtu wa Gaza na mtu wa Mueda hawakuweza hata kuombana chumvi. FRELIMO iliamua kwamba Kireno, lugha ya adui, ndiyo itakayowaunganisha, na katika kambi watu wazima walikaa chini kujifunza kusoma na kuandika kama watoto. Samora alikuwa msemaji mwenye nguvu sana, mwenye kuimba katikati ya hotuba, kuwauliza wasikilizaji na kuwangoja wajibu. Wengine waliona ni madaha. Mimi naona alijua kwamba mbele ya watu wa lugha kumi hutosheki kwa kusema tu. Sharti upate ishara kwamba kilichosemwa kimefika. Askari aliyeagizwa kupita kushoto mwa kijito naye akapita kulia, hurudi amebebwa.

Sitaki kuandika kana kwamba alikuwa malaika. Mwaka 1975, hapo hapo Nachingwea, wapinzani wa FRELIMO akiwamo Uria Simango, aliyekuwa Makamu wa Rais zamani za Mondlane, waliwekwa mbele ya maelfu ya askari wakasomeshwa maungamo yao wenyewe. Baadaye waliuawa kwa siri huko Msumbiji, na ndugu zao hawakuambiwa. Mambo hayo ni sehemu ya historia ya mji wetu kama yalivyo mambo ya ushujaa, na mwanafunzi wa historia hana budi kuyajua yote.

Tarehe 25 Aprili 1974 askari wa Ureno waliipindua serikali yao wenyewe, na tarehe 7 Septemba mwaka huo mapatano yakatiwa sahihi Lusaka. Mwezi wa Mei 1975 Samora aliingia nchini mwake kwa safari ndefu ya ushindi, kutoka Ruvuma mpaka mji mkuu, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Akawa Rais. Akamwoa Graça Simbine, aliyekuwa Waziri wa Elimu, ambaye miaka mingi baadaye aliolewa na Nelson Mandela. Urais wake ulikuwa wa taabu: Wareno wengi walikimbia, waasi wa RENAMO wakasaidiwa na Rhodesia kisha Afrika Kusini, mashule na zahanati zikachomwa moto. Mwaka 1979, tulipopigana na Idi Amin, alituletea askari. Tarehe 16 Machi 1984 alitia sahihi mapatano ya Nkomati na serikali ya Makaburu ili kila upande uache kuwasaidia maadui wa mwenzake, lakini vita havikwisha.

Kabla sijafika katika safari yake ya mwisho, sina budi kueleza jinsi rubani na mwongozaji wa ndege wanavyosemezana, maana bila hayo msomaji hataona jambo lenyewe. Rubani aliye angani usiku, au aliye ardhini katika ukungu, ni kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Huambiwa kwa redio afanye nini, na yule anayemwambia, ikiwa uwanja hauna rada, hamwoni. Kila mmoja huijua nusu ya habari. Wanachopitishiana ni sauti tu, tena sauti yenye mikwaruzo, na mara nyingi kwa Kiingereza ambacho si lugha ya mama ya yeyote kati yao.

Ajali kubwa kuliko zote za ndege ilitokea ardhini kwa sababu hiyo, wala hapakuwa na injini iliyoharibika. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan American, zilikuwa zimegeuziwa huko kwa sababu ya bomu katika uwanja wa kisiwa cha jirani. Uwanja ulijaa ndege, basi hizi mbili zikaambiwa zitembee kwa magurudumu juu ya njia yenyewe ya kurukia. Ya Waholanzi ilitembea mpaka mwisho ikageuka tayari kuruka. Ya Wamarekani ilikuwa ikiifuata nyuma, nayo imeagizwa itoke penye njia ya kando ya tatu. Ukungu ulishuka. Wamarekani waliipita njia ya tatu bila kuitambua, wakawa wangali katikati ya njia ya kurukia. Rubani msaidizi wa Kiholanzi akasema kwa redio maneno ambayo kwake yalikuwa na maana kwamba wanaruka, na kwa mwongozaji Mhispania yalikuwa na maana kwamba wako tayari wanangoja. Mwongozaji akaanza jibu lake kwa neno la kukubali, kisha akawaambia wangoje. Wakati ule ule Wamarekani wakasema kwamba bado wako njiani. Sauti mbili ziligongana katika redio, ikasikika filimbi tu, na Waholanzi wakapata lile neno la kukubali peke yake. Fundi wa mitambo wa Kiholanzi aliuliza kama Wamarekani wamekwisha kutoka. Rubani wake mkuu, mtu wa heshima kubwa katika shirika lile, akamjibu kwa uhakika kwamba wametoka, na fundi akanyamaza. Walikufa watu 583.

Baada ya hapo kanuni zilibadilishwa. Neno la kuruka halitumiki tena katika redio isipokuwa ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Rubani hawezi kuitikia agizo la kuingia njia ya kurukia kwa neno sawa tu. Lazima alirudie agizo lenyewe, na mwongozaji asikilize kama limerudiwa vizuri. Fikirini jinsi sisi Waswahili tunavyolitumia neno sawa, na neno haya. Haya yaweza kuwa ruhusa, yaweza kuwa kukubali, yaweza kuwa kumwambia mtu aende zake. Katika maongezi ya barazani ni neno zuri, maana halimwudhi mtu. Katika redio ya ndege lingetuua.

Muhula uliopita nilifanya jaribio na Kidato cha Pili. Nilimweka mvulana mmoja, mtoto wa Ruangwa, nyuma ya ukuta asione darasa, nikampa agizo la Kiingereza awasomee wenzake kwa sauti: watembee mmoja mmoja kati ya madawati, kisha wapinde kushoto penye safu ya tatu. Watano walitembea. Wanne waliitikia kwa adabu kwamba wamesikia. Wawili wakapinda safu ya tatu kutoka mbele, mmoja akapinda safu ya tatu kutoka nyuma, wa nne akasimama katikati akitabasamu. Wa tano, msichana, aliuliza tatu ihesabiwe kutoka wapi. Darasa zima lilimcheka. Nami nilimwandikia yeye alama kumi.

Sasa nirudi kwa Samora. Jumapili tarehe 19 Oktoba 1986 alikwenda Mbala, kaskazini ya Zambia, kuonana na marais Kaunda wa Zambia, dos Santos wa Angola na Mobutu wa Zaire. Walitaka Mobutu aache kuwasaidia waasi wa Angola. Ndege yake ilikuwa Tupolev 134 iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti, na waliokuwa wakiiendesha ni Warusi watano: rubani mkuu, rubani msaidizi, fundi wa mitambo, mwonyesha njia na mtu wa redio. Mkutano ulipokwisha waliondoka Mbala saa 12 na dakika 38 jioni kwa saa za Msumbiji, jumla yao watu 44.

Safari ilikwenda vizuri mpaka karibu na nyumbani. Saa 2 na dakika 46 usiku ndege iliwasiliana na Maputo kwa mara ya kwanza. Saa 3 na dakika 2 ilisema iko tayari kuanza kushuka, na mwongozaji akairuhusu, akaiambia imjulishe itakapofika futi 3,000 au itakapoziona taa za njia ya kutua. Dakika nane baadaye ndege ikageuka kulia kwa digrii 37. Rubani mkuu alishangazwa na mgeuko ule, na mwonyesha njia akamjibu kwamba chombo kinachopokea mawimbi ya mtambo wa Maputo kinaonyesha upande huo. Hawakuendelea kulizungumza. Mwanafunzi achukue ramani na kipimo cha pembe, aone mwenyewe: mstari uliokuwa ukielekea pwani sasa ulielekea milima ya Lebombo, ambako Msumbiji, Uswazi na Afrika Kusini hukutana.

Toka hapo waliendelea kushuka katika giza na mawingu wakidhani wanaikaribia Maputo. Mwonyesha njia alitaja umbali uliokuwa ukipungua, kilomita 60, kisha 25 au 30. Hawakuona taa za mji. Walisemezana kwamba huenda umeme umekatika Maputo, na vyombo vya kuwaongoza kutua havikuwa vikipokea kitu, maana vilikuwa mbali mno na mitambo ya uwanja. Wakamwambia mwongozaji kwamba mitambo yake haifanyi kazi. Naye, badala ya kuwauliza wako wapi, akawabadilishia njia ya kutua, akawaambia washuke kwa kutazama kwa macho. Wakamwomba azikague taa zake. Mpaka mwisho mazungumzo yalikuwa juu ya taa. Wao walisema taa hazionekani. Yeye akawarudishia maneno yale yale ya kutoonekana, nao hawakujua kama anathibitisha kwamba zimezimika au anarudia tu alichosikia. Ninavyoona mimi, mwongozaji aliyaamini maneno ya watu wa ndege, na watu wa ndege waliyaamini maneno ya mwongozaji, na kila upande ukadhani kasoro iko kwa mwenzake. Hakuna aliyeuliza swali la msichana wangu wa Kidato cha Pili: kuhesabu kutoka wapi?

King'ora cha ndani ya ndege kinachoonya kwamba ardhi i karibu kilianza kulia. Rubani alikasirika, lakini hakuinua ndege. Saa 3 na dakika 21 usiku iligonga mti katika mlima wa Mbuzini, upande wa Afrika Kusini, hatua chache tu toka mpaka, kama kilomita 65 magharibi ya Maputo. Samora na wenzake 33 walikufa, na mmoja wa majeruhi akafariki baadaye, wakawa 35. Katika Warusi watano alipona fundi wa mitambo peke yake.

Kwa nini ndege iligeuka? Hapa watu hawapatani mpaka leo. Serikali ya Afrika Kusini iliunda tume ya Jaji Cecil Margo, na ndani yake walikuwamo wataalamu kutoka nje, kama vile Mmarekani Frank Borman, aliyeuzunguka mwezi mwaka 1968. Tume hiyo iliwalaumu waendesha ndege: walishuka chini ya kimo walichoruhusiwa bila kuona ardhi, na wakakipuuza king'ora. Ilidhaniwa pia kwamba huenda mwonyesha njia alifungulia mtambo wa Matsapa, Uswazi, ambao masafa yake yanakaribiana na ya Maputo. Warusi walikataa. Walisema Makaburu waliweka mtambo wa uongo uliotoa mawimbi kama ya Maputo ili kuwavuta marubani milimani, na watu wengi wa Msumbiji, pamoja na Graça Machel, waliamini hivyo. Walikuwa na sababu ya kushuku: Samora alikuwa adui wa serikali ile, rada za kijeshi za Afrika Kusini ziliiona ndege ikipotea njia, na hakuna aliyeionya. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ililichunguza jambo hilo tena mwaka 1998, ikasema maswali ni mengi lakini haikupata ushahidi wa kukata shauri.

Mimi si hakimu. Ila nasema kwamba hata kama palikuwa na mtambo wa uongo, ule ungeweza kuwageuza tu. Kutoka mgeuko mpaka mlima zilibaki dakika kumi na moja, na katika dakika hizo kumi na moja redio ilikuwa nzima na watu walikuwa wakisema.

Samora alizikwa Maputo tarehe 28 Oktoba 1986, na Joaquim Chissano, aliyekuwa mwenzake tangu miaka ya Dar es Salaam, akawa Rais. Tarehe 19 Januari 1999 Mandela, Graça na Chissano walikwenda Mbuzini kufungua ukumbusho uliobuniwa na msanifu majengo wa Msumbiji, José Forjaz. Ni mabomba 35 ya chuma yaliyosimamishwa mlimani, moja kwa kila aliyekufa, na yamekatwa kwa namna ambayo upepo ukipita hutoa sauti. Mabaki ya ndege yamewekwa papo hapo.